Taya la Bhoke

Shemeji yangu Masatu anajiheshimu sana. Kazi hiyo anaifanya mwenyewe kwa sababu hajapata mtu wa kumsaidia. Analima pamba na kufuga ng'ombe nje kidogo ya mji wa Bunda, ni mzee wa kanisa, na akitembea huweka mikono nyuma kama mkaguzi aliyetumwa kuangalia kama dunia imejengwa sawasawa. Mdogo wangu Rhobi alimpendea mwendo huo. Mimi niliutazama nikajua kwamba mwendo ndio mtu mwenyewe, ndani hamna kingine.

Wana mtoto mmoja, Bhoke. Alizaliwa na mifupa inayovunjika upesi, na weupe wa macho yake una ubluu kama maziwa yaliyotiwa maji mengi. Kabla hajaanza kutambaa alivunjika paja mama yake akimbadilisha nepi. Masatu akamwuliza mke wake amemfanya nini mtoto. Aliendelea kuuliza hivyo, kwa sauti ya upole mbele za watu na kwa sauti nyingine chumbani, mpaka siku madaktari wa Mwanza walipompiga mtoto picha wakaeleza kwamba ni ugonjwa, amezaliwa nao, hakuna aliyemwangusha. Tangu hapo Bhoke huenda Mwanza kutundikiwa dripu ya kuimarisha mifupa. Rhobi hakuombwa radhi. Mzee wa kanisa huomba radhi kwa Mungu tu, tena kwa ufupi.

Meno yalipoota, yalitoka na rangi ya chai iliyolala. Ukiyatazama kwenye jua yanapitisha mwanga kama ukucha. Hayakudumu. Ganda la juu lilibanduka vipande vipande, na kilichobaki kikawa kinasagika mtoto akila, hata magego yake ya utotoni yakakaribia kulingana na fizi. Mwalimu wake wa darasa la kwanza alimrudisha nyumbani akapige mswaki. Majirani walisema ni pipi. Jirani mmoja aliyewahi kukaa Arusha alisema ni maji ya kisima, kwa kuwa huko aliona watu wenye meno ya kahawia, na mtu aliyefika Arusha habishiwi. Rhobi alikuwa akimsugua mtoto meno asubuhi na jioni kwa mswaki laini, taratibu, na pipi Bhoke hazipendi. Hakuna aliyeuliza.

Mifupa ya Bhoke ilimfaa baba yake. Mtoto akiwa na plasta mguuni, watu kanisani walimpa Masatu pole, walimshika bega, walimwombea. Alipata huzuni yenye heshima. Meno hayakumletea kitu. Kwa meno ya kahawia huombewi, unanong'onwa. Kwa hiyo alimfundisha mtoto kucheka huku amefunga mdomo. Wageni wakifika, Masatu alikuwa anagusa midomo yake kwa kidole, mara moja tu, bila hata kukatiza mazungumzo, na Bhoke upande wa pili wa sebule anafunga wake. Niliona jambo hilo Krismasi moja nilipokwenda Bunda kuwatembelea. Sikuwahi kumpenda Masatu, ila kuanzia siku hiyo nilianza kumdharau, na nikagundua kwamba dharau haichoshi kama chuki. Unaweza kuibeba huku unakunywa chai ya mtu.

Bhoke alipokuwa na miaka saba, kanisa lao lilimaliza kujenga jengo jipya, na askofu akaahidi kuja kulizindua. Masatu alifanywa mwenyekiti wa maandalizi. Mtu fulani kwenye kamati akapendekeza kwamba Bhoke ndiye amkabidhi askofu maua, maana ugonjwa wake utawagusa watu. Masatu alikubali kwa unyenyekevu mkubwa. Kisha akakumbuka kwamba kutakuwa na mpiga picha.

Ana binamu yake hapa Musoma, mtaa wa Nyakato, anaitwa Stanislausi. Kwa miaka mingi Stanislausi alikuwa dereva wa kliniki moja ya meno iliyokwisha kufungwa. Kliniki ilipofungwa alibaki na kiti kibovu, koleo kadhaa na mashine ya kusugulia, na akaona elimu imetosha. Akapanga chumba, akajiandika ubaoni kuwa daktari wa kung'oa, kuziba na kung'arisha. Kwenye ubao huo alichorewa jino linalocheka. Jino lenyewe lina meno. Nilipolipita mara ya kwanza nilisimama nikalitazama, nikajiuliza ni watu gani wanaoingia kwa mtu ambaye hajaona kasoro katika picha ile. Nikaja kujua kwamba shemeji yangu ni mmoja wao.

Masatu alimwambia mke wake kwamba anampeleka mtoto Musoma kumjaribisha viatu vya siku ya askofu. Rhobi alimvalisha mtoto gauni nililomshonea, akawasindikiza hadi barabarani.

Yaliyotokea Nyakato nilielezwa na Bhoke mwenyewe baadaye, taya lilipomruhusu. Stanislausi alimpaka meno ya mbele dawa inayowasha, akayasugua kwa mashine. Yalikuwa meno ya ukubwani, mapya, ndiyo kwanza yanajitokeza. Ganda likabanduka, yakabaki meusi kuliko yalivyokuja. Baba yake akayatazama akakunja uso. Akasema kwa kuwa wameshafika, basi ling'olewe angalau lile gego la chini lililobaki kisiki, linatia harufu. Stanislausi akalibana kwa koleo, na gego likapasuka kama biskuti, mizizi ikabaki ndani. Mtu mwenye akili angesimama hapo. Yeye alimwekea mtoto kiwiko kidevuni ili apate nguvu, akachimba. Na Bhoke, ambaye anaijua sauti ya mfupa kuliko mtu yeyote katika ukoo wetu, akaisikia.

Masatu hakuthubutu kumrudisha kwa mama yake akiwa vile. Alimleta kwangu mtaa wa Kamunyonge, ambako mimi ni fundi cherehani, nashonea kwenye chumba cha mbele cha nyumba yangu. Hakuingia. Alisema mtoto ana jino linamsumbua, apumzike kwangu, yeye ana kikao cha kamati. Akaondoka na mikono yake nyuma.

Bhoke alikaa kwenye benchi la wateja, ameshika mashavu kwa viganja viwili, mate yenye damu yakimtiririka hadi kifuani kwenye lile gauni. Hakuwa analia. Watoto wa ugonjwa ule hujifunza mapema kwamba kulia kunatikisa mwili.

Akasema bila kufungua mdomo, "Mama mkubwa, limevunjika."

"Jino?"

"Taya."

Nilizima cherehani. Mteja aliyekuwa anasubiri sare ya mtoto wake nilimwambia aende na kitambaa chake akashonewe kwingine, nikatafuta bajaji, nikamwambia dereva aendeshe kama amebeba mayai ya watu wasiosamehe.

Hospitalini tulipokelewa na daktari wa meno aitwaye Jenoveva, mwanamke mfupi, asiye na maneno mengi. Alimwuliza Bhoke mwenyewe panauma wapi, akasubiri ajibu, jambo ambalo sikumbuki kuona mtu mzima akilifanya kwa mtoto huyu. Akalishika taya kwa ncha za vidole. Picha ilionyesha ufa upande wa kushoto. Haukuwa umeachana, tukaambiwa tushukuru, na mimi nilijaribu.

Daktari Jenoveva alinieleza kwa utulivu. Ugonjwa uleule wa mifupa umeingia kwenye meno. Jino lina ganda gumu juu na mwili chini yake. Kwa Bhoke mwili huo ni dhaifu, kwa hiyo ganda linakosa pa kushikilia na linabanduka. Rangi ni ya jino lenyewe, sio uchafu, na hakuna mswaki wala dawa ya kuiondoa. Si watoto wote wa mifupa hii wanaopata meno hayo, ila wengi wanapata, na meno ya utotoni ndiyo huumia zaidi. Kinachotakiwa ni kuyalinda mapema kabla hayajasagika, na kila anayemgusa mdomo ajue kwanza habari za mifupa yake. Kisha akauliza kama huyo aliyeng'oa aliulizia dripu ya mwisho ilikuwa lini, maana dawa ile inakaa ndani ya mfupa, na kabla ya kung'oa jino la mtoto wa namna hii madaktari wa pande mbili huzungumza kwanza.

Nikamwambia aliyeng'oa ni dereva.

Daktari aliandika alichokuwa anaandika. Baadaye alisema, "Mama, jina lake na mahali alipo utanipa kabla hujaondoka."

Rhobi alifika siku iliyofuata na begi. Nilipoona ukubwa wa begi nilielewa, sikuuliza. Tukaanza kumlisha mtoto uji mwepesi na supu ya sato iliyochujwa mara mbili, na Rhobi alikuwa anampa kijiko kidogokidogo, kama mtu anayepanga vitu kichwani. Jioni Masatu akapiga simu. Rhobi akaiweka sauti ya nje, nadhani alitaka pawe na shahidi. Shemeji yangu alisalimia, akauliza habari za nyumbani kwangu, akasema amesikitika. Halafu akauliza kama uvimbe utakuwa umeisha kabla ya siku ya askofu.

Rhobi aliichukua simu, bado inaongea, akaifunika kwa mto wa kiti, akarudi kwenye kijiko.

Siku ya askofu ilipita. Maua yalikabidhiwa na mtoto wa mtu mwingine, mwenye meno meupe, na nasikia picha zilitoka vizuri.

Wakati taya linaunga mimi nilikuwa na shughuli na Stanislausi. Daktari Jenoveva aliripoti, maofisa wakaja, chumba cha Nyakato kikafungwa. Mwezi haukwisha, mteja wangu mmoja anayekaa Kigera akaniambia kuna daktari mpya wa meno mtaani kwao. Nikamwuliza kuhusu ubao. Akasema ndiyo, jino linacheka. Mtu yule hakuwa amebadilisha hata picha.

Nilikwenda kuwaambia waliohusika, wakasema watafuatilia. Nikaona sitasubiri kufuatilia kwao. Mkabala na chumba chake kulikuwa na kibaraza cha duka la dawa za mifugo. Nikamwomba mwenye duka nafasi, nikahamishia cherehani yangu pale. Nilishona mbele ya mlango wake. Kila aliyekuja na shavu limevimba nilimwita kwa adabu, nikamkaribisha benchi, nikamweleza kwamba yule ndani ni dereva, nikamwelekeza kwa daktari Jenoveva. Sikutukana. Nilisimulia tu, na huku nashona. Stanislausi alitoka siku ya kwanza akasema namharibia riziki. Siku nyingine alitoka akasema mimi ni kama dada yake. Nikamwambia akae basi nimpime suruali, kwa kuwa ile aliyovaa imemkaa kama ulivyomkaa udaktari. Alihama kwa awamu, kiti kikiwa cha mwisho. Sijui yuko wapi sasa. Ujinga hauna uhaba wa vyumba vya kupanga.

Kikao cha kuwapatanisha kilifanyika Butiama, nyumbani kwa wazazi wetu. Masatu alikuja kumchukua mke wake, amefuatana na wazee wawili wa kanisa. Baba yetu, mzee Yakobo, anapenda mambo yote yaishe kabla chai haijapoa, na alishawaambia wageni mlangoni kwamba wanawake wana hasira za muda. Tulikaa. Shemeji yangu akaomba aanze kwa sala, na ndani ya sala hiyo akamshtaki Stanislausi, akamshtaki Shetani, akayashtaki maji ya kisima. Alipofika amina alikuwa amemaliza washtakiwa wote duniani isipokuwa mmoja.

Rhobi akasema, "Baba Bhoke, ulimpeleka mtoto Nyakato kufanya nini?"

"Nilimpeleka kutibiwa."

"Alikuwa anaumwa?"

Baba yetu akasogeza kikombe chake. Mdogo wangu akauliza tena kwa sauti ileile, mtoto alikuwa anaumwa wapi.

"Kusema kweli," Masatu akasema, na macho yake yakajaa machozi, "aliyekuwa anaumwa ni mimi."

Wazee wa kanisa wakatikisa vichwa kwa kuguswa. Mmoja akatoa leso. Lilikuwa jibu zuri, sikatai, na mpaka leo kuna saa huwa najiuliza kama lilikuwa la kweli. Lakini mwanaume akisema neno kama hilo humtazama yule aliyeumizwa naye. Bhoke alikuwa amekaa pale pale, kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Masatu alikuwa anawatazama wazee.

"Basi ungeng'oa lako," Rhobi akasema.

Baada ya hapo kikao kiliongea sana, ila hakikuwa na la kusema. Baba alimwambia Rhobi afikirie heshima ya mji wake. Rhobi akasema ameifikiria. Wazee wakanywa chai, ilikuwa imepoa. Jioni sisi watatu tulirudi Musoma na Masatu akarudi Bunda, na nasikia kanisani alieleza kwamba mke wake yuko karibu na hospitali kwa ajili ya matibabu ya mtoto, jambo ambalo kwa bahati mbaya ni kweli.

Taya lilipopona, daktari Jenoveva aliagiza kofia za chuma kutoka Mwanza. Aliziita hivyo, kofia; ni vifuniko vidogo vya chuma kisichoshika kutu, vinavalishwa juu ya gego ili lisiendelee kusagika. Alifanya magego mawili, tukaenda nyumbani, tukarudi kwa mengine. Kichwa cha Bhoke alikiegemeza kwenye mto, na kila baada ya muda alimwacha afunge mdomo apumzike. Ile mizizi iliyoachwa na dereva aliitoa baada ya kuwasiliana na wa Mwanza. Meno ya mbele aliyapaka tabaka la kuyakinga, akatuambia bila kutuficha kwamba litakuwa linabanduka na atakuwa analirudishia, mpaka mtoto akue ndipo litafutwe la kudumu. Rhobi alipenda kuambiwa ukweli. Alikuwa ameukosa kwa muda.

Wiki ile ile Bhoke alikula ugali kwa dagaa bila kupondewa. Alitafuna huku ametoa macho kama mtu anayesikiliza redio. Baada ya kumeza alisema, "Kumbe dagaa huwaga na kichwa," kwa sababu miaka yote alikuwa anapewa waliosagwa. Tulicheka, naye akacheka, na chuma kikaonekana chote.

Habari za kofia zilifika Bunda, na Masatu akatokea Kamunyonge na shati la Jumapili. Alileta kuku na viazi. Aliketi, akauliza masomo ya mtoto, kisha ikatoka sababu ya safari. Kwao watu wamesikia kwamba binti yake amewekewa meno ya chuma, wanasema ni matibabu ya watu wakubwa, hata mchungaji ameuliza. Alitaka kupiga picha kidogo kwa simu, akawaonyeshe. Simu ilikuwa tayari mkononi. Akamwambia mtoto, kwa ile sauti yake ya upole ya mbele za watu, "Bhoke, mama, fungua mdomo."

Nilitazama uso wa mwanaume yule nikitafuta aibu. Mahali pake palikuwapo, pasafi, hapajawahi kutumika.

Bhoke alimtazama baba yake bila hasira yoyote, kama anayemweleza mtu mgeni wa mji njia ya kwenda stendi. "Baba, haya si ya kuonyeshea," akasema. "Ya kulia chakula."

Masatu akacheka, akanigeukia nimsaidie kucheka. Nilikuwa na pini mdomoni. Akaiweka simu mfukoni, akakaa muda wa mtu asiyetaka kuonekana amefukuzwa, akaaga.

Sasa Rhobi ana cherehani yake pembeni ya yangu, na Bhoke anasoma shule ya karibu, mwalimu wake wa sasa ameelezwa na ameelewa. Mwezi wa nne alivunjika mkono akifunga dirisha, ukaungwa. Meno mengine ya ukubwani yanaota, na yana rangi ileile ya chai, labda imefifia kidogo. Jumapili baada ya ibada Masatu hupiga simu kuongea na mtoto, na Rhobi humpa simu. Mimi humwambia kwamba ningekuwa yeye nisingempa. Hunijibu kwamba yule bado ni baba yake. Hilo, namwambia, halihitaji ushahidi. Bhoke, maskini ya Mungu, amerithi masikio ya baba yake, yote mawili.